Ndege wa Mpunga na Neno la Ndugu Yangu

Mwaka ule mwalimu wa Kiingereza aliwagawia wanafunzi wa darasa la nane vitenzi, kila mtu kimoja, kama nyumba zinavyogawana mbegu kabla maji hayajapanda. Ukishapewa, kitenzi ni chako mpaka mtihani wa mwisho. Kazi yako ni kukifuata kila kinakokwenda na kukusanya kazi zake zote, na siku ukiitwa mbele uwaeleze wenzako. Rafiki wa ndugu yangu alipewa "break", akarudi kwao akivunja vijiti njia nzima. Mwingine alipewa "run". Ndugu yangu alipewa "keep", akaja nyumbani amenuna.

"Neno gani hili, kaka?" aliniambia. "Halifanyi kitu. Limekaa tu."

"Labda hiyo ndiyo kazi yake," nikamjibu. Nilikuwa natia mpini kwenye jembe, wala sikuinua kichwa.

Mimi neno hilo nilikuwa nalijua, maana ndilo la mwisho shule kuniambia. Chini ya ripoti yangu ya darasa la sita mwalimu aliandika "Keep it up", yaani endelea hivyo hivyo. Muhula uliofuata sikurudi. Mama alifariki katika likizo ile, na baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Tukabaki watatu: mimi, huyu ndugu yangu, na mdogo wetu wa kike ambaye wakati huo alikuwa bado akibebwa mgongoni.

Kabla hajafa mama aliniita karibu na kitanda chake cha kamba. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Wenzako usiwatawanye." Nikasema sitawatawanya. Baada ya matanga jamaa za baba walikuja kutoka upande wa juu wa mto, na kwa desturi yetu watoto ni wa upande wa baba, kwa hiyo walikuwa na haki. Walitaka kutugawa, mmoja huku, mmoja kule. Nilisimama mbele yao, suruali yangu ya shule imeshonwa kiraka makalioni, nikasema hatuendi popote. Sijui walichokiona usoni mwangu. Waliondoka, na shangazi yangu, dada yake baba aliyeolewa Bura, akanishika kichwa akasema, "Haya baba yangu, tutakuona."

Miaka ilipita, na alikuwa bado akiniona.

Tuliishi kwa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kubeba mizigo pale steji ya Garsen. Siku hizo mabasi ya Lamu hayakuvuka peke yake kwa sababu ya majambazi wa njiani. Yalisimama kungoja askari wa kuyasindikiza, na abiria walishuka kutafuta chai na kivuli. Mtu alikuwa akinishika bega ananiambia, "Keep this for me," ananiachia sanduku lake na kupotea sokoni. Nilikaa juu ya masanduku ya watu nisiowajua mpaka mdomo unakauka. Nilipomsimulia ndugu yangu hivyo alifurahi, akasema hiyo ni kazi moja ya neno lake: kumwekea mtu kitu mpaka arudi.

Kazi ya pili, ndiyo kubwa, ilikuwa mpunga.

Shamba letu lilikuwa bondeni, mwendo mfupi kutoka mjini, mahali ambapo mto ukifurika huacha maji na tope jeusi. Mpunga ukishashika, adui si magugu tena, ni ndege. Kila mwenye shamba hujenga dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, refu kumpita mtu mzima, na juu yake hukaa mlinzi tangu mapambazuko hadi jua linapozama. Ana kombeo la kurushia, ana vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani, ana kamba zilizofungwa makopo zinazokwenda pembe zote za shamba, na ana sauti yake. Kazi hiyo huitwa kuamia. Ndani yake mna jambo moja ambalo mgeni halijui: ndege hawatoweki, wanahama. Ukiwafukuza kwako watatua kwa jirani, na jirani akiwafukuza watatua kwa yule wa mbele yake. Kwa hiyo shamba lisilo na mtu dunguni hupokea ndege wa bonde zima. Huwezi kusema leo napumzika. Ukipumzika wewe, kila mlinzi aliye macho anakuletea wageni.

Mdogo wetu alikuwa fundi wa kuamia. Mkono wake haukuwa na nguvu, lakini jicho lake sijaona la kulifananisha nalo. Kundi la kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, lilipokuwa bado kama moshi juu ya miti ya ng'ambo, yeye alishavuta kamba. Sisi wakubwa tulingoja ndege watue ndipo tupige kelele, na ndege akishaonja punje moja, kumwondoa ni vita. Yeye aliwakataza kabla hawajakata shauri.

Mara ya kwanza kumpandisha dunguni siku ya shule, mgongo ulikuwa umeniuma, nikasema ni wiki hiyo tu. Punje zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia maziwa, laini, ukiziminya zinatoa maji meupe, na hapo ndipo ndege hawana haya. Mgongo ukapona. Mpunga nao ukazidi kunawiri. Mtoto akabaki juu. Mwalimu wake alimwagiza ndugu yangu aniulize, nikasema mwambie ana homa. Ndugu yangu alinitazama, kisha akaenda akasema ana homa.

Mchana, akitoka shule, alimpelekea chakula, akakaa chini ya dungu akijisomea kwa sauti, na mtoto juu akamrudishia kila alichosoma. "Keep quiet!" anasema wa chini. "Keep quiet!" anajibu wa juu. "Keep off the grass!" Hilo mtoto alilipenda, akakata kipande cha mwisho, likabaki kaa mbali, na tangu siku hiyo hakuwafukuza ndege kwa Kipokomo wala kwa Kiswahili. Alisimama akainua kombeo na kupaza sauti mpaka bondeni mwisho: "Keep off!"

Jirani yetu wa upande wa mto, mzee mcheshi mwenye dungu lililoinama, alimpigia kelele, "Ebo! Ndege wa kwenu wamesoma?"

"Wamefika darasa la nne!" mtoto akamjibu.

"Basi ndiyo maana hawa wangu wajinga wanakaa kwangu!"

Tulicheka sote. Nilicheka kuliko wote, kisha nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe yuko darasa la nne, na kwamba saa hiyo wenzake wako ndani.

Tulibishana sana juu ya neno lile, mimi na ndugu yangu. Nilimwambia Kiswahili kimemaliza mambo. Ng'ombe hufugwa, mtoto hulelewa, siri hufichwa, ahadi hutimizwa, saumu hufungwa, ndege hufukuzwa. Kila mzigo una kamba yake. "Hawa Waingereza wako," nikasema, "wametia vyote kapu moja."

"Ndiyo maana walifika mbali," akasema. "Kapu moja ni jepesi."

Siku nyingine tulikuwa steji na yule mama wa Kiorma aliyeuza maziwa, mwanamke mrefu aliyetoka malishoni upande wa Minjila na vibuyu vyake vilivyofukizwa moshi ndani. Alikuwa akisifu biashara yake. "Maziwa yangu kaa siku tatu, haribika hapana." Ndugu yangu akaruka kama aliyeokota shilingi: nalo hilo ni keep! Kitu kisichooza Waingereza husema kina-keep. Yule mama akauliza kijana huyu ana nini. Nikamwambia anasoma.

"Na yule mdogo?" akaniuliza. "Ile msichana yenu nasoma wapi? Kila siku mimi napita, naona juu ya miti."

Nikasema mpunga ukivunwa atarudi shule.

Akafunika kibuyu chake polepole. "Kijana, wewe nalea mtoto ama nalea ndege?"

Wanawake waliokuwa pale waliangua kicheko. Nikacheka nao, maana ukitaniwa steji huna njia nyingine, kisha nikainua sanduku la abiria lililokuwa zito kuliko nguvu zangu na kulibeba mpaka mwisho bila kupumzika.

Shangazi alikuja mwishoni mwa Agosti, shule zimefungwa. Alishuka kwenye basi na gunia la mahindi ya Bura, mahindi ya maji ya mfereji, na mfuko wa nailoni alioukumbatia mwenyewe. Hakutaka kupumzika. Aliuliza watoto wako wapi, nikamwambia shambani, akasema twende. Tulipotokea bondeni mdogo wetu alikuwa amesimama dunguni, kamba mkononi, kichwa kimenyolewa. Kusuka nilikuwa sijui. Nilijaribu mara moja akalia, nikakata shauri kumnyoa kama sisi.

Aliruka chini akaja mbio. "Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mama. Ehe, uko huku tangu lini?"

Mtoto alitaka kumfurahisha. "Tangu mpunga una maziwa!" akasema kwa majivuno. "Na kwetu hawajala kitu. Uliza mtu yeyote."

Shangazi ni mkulima. Aliutazama mpunga ulivyoanza kugeuka rangi, akahesabu kimoyomoyo, na nilimwona akiirudisha hesabu nyuma mpaka siku ambazo shule zilikuwa wazi. Alifungua ule mfuko, akatoa sare ya shule aliyoishona kwa kukisia, akampima mabegani. Ilimpwaya kidogo.

"Atanenepa," alisema.

Nyumbani, baada ya chai, alinieleza wazi. Karibu na kwake Bura kuna shule, amezungumza na mwalimu mkuu, nafasi ipo lakini mtoto aanze muhula unaofungua. Ana binti wawili, huyu atakuwa wa tatu. Atasukwa, atasoma Kurani chuoni jioni, atafundishwa mambo ambayo mimi mwanamume siwezi kumfundisha.

"Mama alisema nisiwatawanye," nikamwambia.

"Nilikuwapo, baba yangu. Mama yako alisema mkae pamoja. Hakusema mmoja akae juu ya miti."

"Ni msimu huu tu, shangazi. Ngoja tuvune. Januari nitamleta mwenyewe."

"Januari kutakuwa na kulima. Kisha kupanda. Kisha ndege tena." Alikunywa chai. "Niambie kitu kimoja. Kama usingekuwa na mpunga shambani, ungemzuia?"

Nilitaka kusema ndiyo, kwa ajili ya mama. Nikamwongezea chai badala yake. Nilijua, na yeye alijua, kwamba nilikuwa nimeivika njaa nguo za wasia. Lakini na hilo pia si kweli yote. Nilimpenda mtoto yule. Nilikuwa nikimkeshea akipata homa ya kweli. Vitu hivyo viwili, mapenzi na mpunga, vilikuwa vimesokotwa kamba moja, na nilishindwa kuona uzi upi ndio uliomshikilia.

Shangazi akainuka. Alisema anakwenda Golbanti kumpa pole rafiki yake aliyefiwa, na akirudi anataka jibu. "Sitamnyakua," akasema. "Ukisema abaki, atabaki, na mimi sitakuja tena kuuliza. Lakini utasema wewe, kwa kinywa chako."

Siku zile za kungoja ndugu yangu alikuwa amefika mahali pabaya pa neno lake. Tuko uani, anapepeta mchele, akasema kwamba mwalimu amewaonyesha jambo: keep likifuatwa na "from" linageuka kuwa kuzuia. Kumzuia mtu asipate kitu.

"Mfano?" nikauliza.

Alipepeta kidogo. "Mfano wowote."

"Nataka ule aliowapa mwalimu."

"Mwalimu hakutoa. Alisema tutafute nyumbani."

Nilimwambia akamwombe neno jingine. Nilisema kwa ukali, na yeye ambaye hakuwahi kunijibu vibaya alitua ungo chini. "Nilipewa hili, kaka," alisema. "Na wewe ulipewa sisi. Hakuna aliyeulizwa."

Nilitoka nikaenda shambani.

Jua lilikuwa likielekea kushuka, saa ambayo ndege hula mara ya mwisho kabla ya kulala. Nilipanda dunguni nikakaa kando ya mdogo wetu. Alikuwa akifinyanga vidonge, anaviviringisha kwa viganja viwili na kuvipanga kwenye ubao, vyote sawa. Sikuwa nimemwuliza yeye. Tulikuwa tumezungumza habari zake, mimi na shangazi, mimi na ndugu yangu, hata mimi na mama wa maziwa, lakini yeye hakuna aliyemwuliza.

"Shangazi anataka ukakae Bura," nikamwambia. "Usome huko. Unataka kwenda?"

Alivuta kamba ya upande wa mto, makopo yakalia, kundi dogo likainuka na kukatiza kwenda kwa yule mzee mcheshi.

"Nani atapanda dungu?" akauliza.

"Nimekuuliza kama unataka."

"Nimesikia. Nani atapanda dungu? Kaka mdogo ana mtihani. Wewe una steji. Na wewe, kaka, samahani, huwaoni mpaka washatua."

Alisema bila lawama, kama fundi anavyomweleza mwenye nyumba hali ya paa. Nikamtazama kichwa chake kilichonyolewa na vidole vyenye tope, nikaona kwamba mtoto huyu hakuwa akingoja ruhusa yangu. Alikuwa kazini. Mimi nilidhani ndimi niliyetushika sote watatu, kumbe hata yeye alikuwa ameshika upande wake, na mzigo ule nilimtwika mimi, siku moja moja, nikisema ni wiki hii tu. Laiti angelia, laiti angesema hataki kuniacha, huenda ningemzuia mpaka leo. Aliuliza habari za dungu.

"Nitapanda mimi," nikasema.

"Na steji?"

"Mizigo itabebwa na wengine."

Alifikiri. "Basi niwahi kukufinyangia vingi," akasema, na kurudi kwenye udongo wake.

Shangazi aliporudi nilimwambia kwa kinywa changu: aende sasa, asingoje mavuno. Hakunishukuru wala hakunisifu, na kwa hilo ninamheshimu. Alisema tu, "Mpunga utapungua." Nikasema najua.

Asubuhi ya safari mdogo wetu alinipeleka dunguni kabla hajavaa sare. Alikuwa amejaza vidonge kwenye beseni la plastiki na kulifunika gunia ili umande usivilainishe. Akanifundisha kama mtu anayekabidhi zamu. Alfajiri wanatoka upande wa miti ya ng'ambo. Saa sita usilale, hiyo ndiyo saa ya wale wadogo wanaokuja kimya. Piga kelele kwanza, rusha baadaye. Na usirushe kwa hasira kwa sababu kidonge kinakwenda juu. Kisha akanipa kombeo. Nilimwambia achukue, ni lake. "Bura kuna mfereji," akasema, "sijui kama kuna ndege." Akaliacha.

Ndugu yangu alimbebea mfuko hadi steji. Mtoto alikaa dirishani, na basi lilipoanza kusogea hakulia, alikuwa akiangalia juu ya paa za maduka, kule bondeni liliko shamba. Nilijua anatafuta moshi wa ndege.

Siku ile ile nilipanda dunguni. Sitasema mengi juu ya ufundi wangu. Vidonge vya beseni vilikwisha upesi, nikafinyanga vyangu vikapasuka juani. Sauti yangu ilikuwa nzito, ndege waliizoea kama wanavyozoea mbuzi. Walinzi wenzangu hawakuwa na huruma na wala sikuitarajia, sheria ya bonde ni hiyo hiyo. Waliwainua kwao na kuwaleta kwangu.

"Jirani!" yule mzee aliniita. "Una mnara lakini huna adhana!"

"Muadhini amesafiri!" nikamjibu.

"Basi mrudishe, tunaswali bila wewe!"

Pembe ya upande wa mto ililiwa yote, ikabaki mashuke yaliyosimama wima kwa kukosa uzito. Tulivuna kilichobaki.

Lakini kilichonichoma hakikuwa ile pembe. Jioni ya kwanza baada ya basi kuondoka nilipika kama nilivyozoea, nikapakua, tukala mimi na ndugu yangu tukashiba, na wali ukabaki sufuriani. Niliutazama nikapata faraja. Kesho hatutapika asubuhi, niliwaza, na kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye raha kabisa. Kisha nikaelewa ni fungu la nani, na sufuria ile sikuweza kuiosha mpaka ndugu yangu aliponipokonya.

Ndugu yangu aliitwa mbele ya darasa muhula ule ule, akalieleza neno lake kwa muda mrefu hadi mwalimu akamwambia inatosha. Mtihani aliupita.

Mwaka uliofuata, mvua za Elnino zilikuja. Mto haukupanda kama unavyopanda kila mwaka, uliingia. Shamba, dungu, nyumba, ghala la mzee mcheshi, vyote vilikwenda. Mimi na ndugu yangu tulitoka kwa mtumbwi wa watu, tukakaa juu ya ardhi iliyoinuka upande wa Minjila pamoja na watu wa mashamba na watu wa ng'ombe, wote tumelowa sawasawa. Barabara ilikatika, na kwa miezi kadhaa hatukujua habari za Bura, wala Bura hawakujua zetu. Pale, chini ya maturubai, watu walianza kunisifu. Wewe uliona mbali, walisema, ulimtoa mtoto mapema. Mama wa maziwa, ambaye mifugo yake ilikuwa imeangamia kwa maji na maradhi, aliniambia, "Kijana, wewe akili iko." Sikuona mbali. Nilimshika mtoto yule hadi kidole cha mwisho, na aliyenifungua mkono ni yeye mwenyewe kwa swali la dungu. Sifa zile zilikuwa kama nguo ya mtu mwingine, na sikuwa na nyingine ya kuvaa.

Barabara ilipofunguka na shule zikafungwa, shangazi alimleta. Tulikuwa tumejenga nyumba mpya ya miti na nyasi, na bondeni tulikuwa tumepanda tena. Nilikuwa ndani nikasikia vishindo viwili vya miguu nje, kizito na chepesi, kisha sauti niliyoifahamu ikasema, "Hodi."

Nilitoka. Alikuwa amerefuka, nywele zimesukwa mistari minyoofu, viatu amevivua na kuvipanga ukutani kama afanyavyo mgeni.

"Kwenu hapigi mtu hodi," nikamwambia.

"Nilikuwa sijui mlango wenu unafunguliwaje," akasema. Wenu. Alikunywa maji baada ya kuuliza kama anaweza kuchukua kikombe. Shangazi alisikia, akatazama pembeni. Mtoto hakuwa na chuki yoyote. Alikuwa amelelewa vizuri, na adabu ile aliyofundishwa katika nyumba njema aliileta kwetu, nami nilipaswa kuifurahia.

Alasiri tulishuka bondeni, ambako ndugu yangu alikuwa akilinda tangu alfajiri. Dungu jipya lilikuwa fupi, nililijenga haraka. Aliutazama mpunga, akachuma shuke moja, akaminya punje. Maziwa yakatoka.

"Huku wanaingia upande gani?" akauliza.

"Usijali. Wewe uko likizo."

"Ndiyo nauliza, niko likizo." Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi.

"Shuka," nikasema. "Utachafua sare."

"Si sare hii, kaka, ni gauni tu." Akapanda. Kombeo lilikuwa limeningʼinia kwenye mti wa paa. Alilichukua, akalipima, akasimama akiangalia miti ya mbali, na mimi niliyekuwa nikikaa hapo msimu mzima sikuona kitu. Akavuta kamba. Makopo yakalia pembe zote, kisha ukaja ukelele ule ule, mrefu zaidi sasa: "Keep off!" Ndipo nikaliona kundi, likiwa bado mbali, likipinda angani kama kitambaa na kwenda zake.

Ndugu yangu, aliyekuwa ameshuka akaketi chini na kitabu chake cha sekondari, aliinua mikono miwili akapiga kelele, "Keep it up!"

Mtoto akacheka, akainama kuchukua kidonge. Nilitaka kumwambia tena ashuke. Shangazi alikuwa nyuma yangu na nilijua ananitazama. Lakini ndege walikuwa wamekwenda, mpunga umesimama bila kuguswa, na kwa mara ya kwanza msimu ule mabega yangu yalikuwa yamelegea. Nikakaa chini kivulini, nikamwacha juu.